Wimbo Uliomfunga Nashon

Mwololo wa Kisilu hakujua Kihindi, lakini nyimbo za Kihindi alizijua kuliko watoto wa Wahindi wenyewe. Alianza kwa kufagia maganda ya njugu katika sinema ya Bwana Ratilal, hatua chache kutoka River Road, mwaka wa sitini na moja, na Uhuru ulipofika alikuwa ameshapanda hadi chumba cha mashine, kule juu nyuma ya ukumbi. Filamu moja ilionyeshwa mara tatu kwa siku, wiki mbili hadi tatu. Mtu mwenye masikio akiusikia wimbo mara arobaini, hata akitaka kuusahau hawezi. Mwololo aliimba akipanda ngazi, akaimba akioga, akaimba njia nzima hadi Kinoo, alikokuwa amepanga chumba na mkewe Kanyiva. Maneno aliyatamka kama alivyoyasikia, bila kujua kama anaomba maji au anatukana mtu.

Mwenzake wa kazi alikuwa Nashon Oloo, Mjaluo wa Seme, mrefu, mcheshi, mwenye kifua kama mlango. Kazi yake ilikuwa kubeba mikanda ya filamu kwa baiskeli kati ya sinema na stoo ya Bwana Ratilal kule Westlands. Walikula sahani moja mchana. Kanyiva aliposhikwa na uchungu wa kumzaa Munyiva, Nashon ndiye aliyesimamisha lori la maziwa barabarani na kumlazimisha dereva awapeleke hospitali.

"Wewe Mkamba," Nashon alikuwa akimwambia, "siku moja utaamka umefunga kilemba."

"Na wewe utabaki na baiskeli yako."

Mwaka wa sitini na nne Bwana Ratilal alitoa stoo filamu moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, akaionyesha asubuhi za Jumapili nne kujazia nafasi. Haikupendwa. Watu walitoka kabla haijafika katikati. Lakini ndani yake mlikuwa na wimbo wa mwanamke anayesaga nafaka peke yake. Mzee aliyekuwa akikata tiketi alimweleza Mwololo maana yake: mumewe yuko vitani, naye analibembeleza jiwe la kusagia lisipige kelele, ili aweze kuzisikia nyayo za mtu akija. Aliyeuimba, mzee akasema, alikufa kijana, na wimbo huo haukupata kutiwa kwenye sahani ya santuri, kwa sababu filamu ilianguka vibaya hata huko kwao. Ulikuwa mle kwenye mkanda, basi.

Jumapili ya nne Mwololo alizima taa ya chumba cha mashine, akakaa sakafuni, akausikiliza macho yamefumbwa.

Mwaka wa sitini na nane Wahindi wengi walikuwa wakifunga virago. Leseni za biashara zilikuwa ngumu, na foleni za pasi za kusafiria zilizunguka majengo. Bwana Ratilal hakuondoka, lakini kampuni ya Bombay iliyomkodishia filamu ilituma mjumbe wake aje afunge hesabu za zamani. Mkataba ulisema filamu zilizomaliza muda zisirudishwe wala zisiuzwe. Zikatwekatwe mbele ya mjumbe. Bwana Ratilal alinunua mashoka mawili mapya, akamkabidhi Mwololo moja na Nashon moja.

"Kesho kutwa tunaanza," akasema. "Zote."

"Hata ile ya mama anayesaga?" Mwololo aliuliza.

Bwana Ratilal alicheka mpaka akashika meza. "Wewe najua Kihindi sasa? Zote, Mwololo. Zote ni takataka."

Kesho yake Mwololo alikwenda stoo ya Westlands akijifanya anapanga makopo. Aliufungua mkanda wa sita, akautafuta ule wimbo kwa kuelekeza picha kwenye mwanga wa dirisha, akaukata kwa makasi mwanzo na mwisho, akaunganisha vipande vilivyobaki kwa gundi ili mkanda uonekane mzima. Kipande cha wimbo alikiviringisha, akakitia ndani ya kopo kubwa la mafuta ya Kimbo, akalifunga kwa kitambaa. Hakuhisi kwamba ameiba. Alihisi kama mtu aliyemtoa mtoto nyumba ikiungua.

Alipokuwa akitoka alimkuta Nashon mlangoni ameshika kopo la mkanda, pana, la bati, lenye kutu, halina kitu ndani.

"Hili nalichukua," Nashon alisema. "Mama ataanikia omena, hizi dagaa za kwetu. Si litatupwa?"

"Litatupwa."

Mjumbe wa Bombay alikuwa mwembamba, mwenye miwani na kitabu. Kumbe kabla ya shoka kushuka, kila mkanda ulipaswa kupitishwa kwenye mashine ndogo ya kupima urefu. Kufika filamu ile, mkanda wa sita, mjumbe alisimama. Alipima tena. Mkanda ulipungua futi mia tatu na ishirini, na gundi ya kiungo ilikuwa bado inang'aa.

Bwana Ratilal aliwageukia Mwololo na Nashon. Kampuni ingeweza kumshtaki yeye, kwamba anauza nakala kwa mlango wa nyuma.

"Ufunguo iko na nani?"

Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa hao wawili tu. Mwololo alijua akinyamaza, wote wawili watapekuliwa, na Kinoo kopo la Kimbo liko chini ya kitanda.

"Jana nilimwona Nashon akitoka na kopo," akasema.

"Kopo gani?"

"La mkanda."

Nashon alimgeukia. Hakukasirika bado. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekatiza maneno, ukingoja amalizie.

"Sema lilikuwa tupu," akamwambia. "Mwololo. Sema."

"Sikuangalia ndani," Mwololo alisema, akitazama viatu vyake.

Polisi walimpeleka Nashon hadi kwao Kangemi, alikokuwa akiishi na mama yake Peres na dadake Phoebe. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo akina mama wa kanisa hukutana kwa Peres, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Walikuwa wameketi uani, vitambaa vyeupe kichwani, wakiimba. Askari aliliona kopo juu ya paa limejaa omena, akalishusha, akaimwaga omena yote matopeni mbele ya wamama, akaligeuza. Ubavuni lilikuwa na jina la kampuni ya Bombay.

"Hii ni nini, mama?" askari aliuliza.

Peres hakumjibu askari. Alimwuliza mwanawe. "Uliniletea kitu cha wizi nikaweka chakula cha watoto juu yake?"

Kortini Mwololo aliitwa kuwa shahidi. Alishika Biblia, akayarudia yale yale: alimwona, lilikuwa kopo la mkanda, hakuangalia ndani. Alijiambia kwamba hakuna neno hata moja la uongo. Peres alikuwa ameketi benchi la mbele na mkoba wake mapajani. Nashon alipewa miezi tisa.

Katika mwezi wa tano wa kifungo chake baba yake alifariki Seme. Akazikwa Nashon akiwa ndani. Alipotoka, alikwenda Kangemi kwanza, akanyoosha mkono, na mama yake hakuupokea. "Babako amekufa akiulizwa na wazee kama wewe ndiye yule mwizi wa sinema," alisema. "Nenda ukaishi na wenzako." Nashon alikwenda kuvunja mawe katika machimbo ya Njiru, upande mwingine kabisa wa mji.

Haya Mwololo aliyasikia kwa watu. Gerezani hakwenda hata mara moja. Filamu zilizobaki alizikata peke yake siku nne, mikono ikatoka malengelenge. Kanyiva alipouliza mbona Nashon haji tena, akamjibu, "Aliiba." Kanyiva alikataa kuamini wiki nzima. Halafu akaacha kuuliza. Kopo la Kimbo aliambiwa ni vipuri vya mashine.

Na jambo moja lililomtesa Mwololo ni hili: wimbo alikuwa nao, lakini hawezi kuusikia. Hakuthubutu kuupeleka kwenye mashine. Miaka sita alilala juu yake, nao ni bubu.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa Agosti, alikuja sinema mama mmoja aitwaye Sushila. Alizaliwa Parklands, akahamia Uingereza na wazazi wake mwaka ule wa sitini na nane, na huko alikuwa amefanya kazi ya kutafuta nyimbo za sinema zilizopotea. Alikuwa amezunguka Bombay, Durban na Dar es Salaam. Alimwuliza Bwana Ratilal kuhusu filamu ile ya mwanamke anayesaga. Aliiona hapa hapa, akiwa msichana, Jumapili asubuhi, ukumbi ukiwa karibu mtupu.

"Tulizikata zote," Bwana Ratilal alisema, akamwonyesha Mwololo kwa kidevu. "Huyu ndiye mkataji. Alikuwa na shoka hii kubwa."

Sushila alimtazama Mwololo kama mtu anayetazama mchinjaji. Lakini akiteremka ngazi, aliimba chini chini mistari miwili, wa tatu ukampotea. Mwololo, aliyekuwa nyuma yake na ndoo ya maji, akauendeleza mstari wa tatu. Ulimtoka tu. Akaimba na wa nne, mahali ambapo sauti inashuka kama ndoo kisimani.

Mama yule aliketi kwenye ngazi, sari yake ikalowa kwa maji ya ndoo, akalia.

"Wapi umejifunza huu? Duniani hakuna mtu anaujua huu."

"Hapa hapa, mama."

"Unaukumbuka wote?"

Siku tatu Mwololo hakula vizuri. Alijua kilichomo ndani ya kopo lile. Hakikuwa wimbo peke yake, kilikuwa na miezi tisa ya mtu. Lakini tamaa ya kuusikia ilikuwa imemla miaka sita, na sasa kulikuwa na mtu mwenye njaa ile ile. Siku ya nne alikuja na kopo la Kimbo ndani ya gunia.

"Niliuokota kwenye takataka," alimwambia Sushila.

Waliuweka kwenye mashine saa nne asubuhi, ukumbi ukiwa hauna mtu. Mkanda ulikuwa umejikunja kingo na kutoa harufu kama ya siki. Mwololo aliupitisha kwa vidole taratibu, akiomba usikatike. Kisha ukaimba. Mwanamke yule alitokea kwenye pazia, uso wake umejaa mikwaruzo kama mvua, mkono ukizungusha jiwe, na sauti ikatoka changa, kavu kidogo, bila haraka. Sushila alikuwa amewasha kinasa sauti. Mwololo alishika ukuta. Kwa dakika tatu na nusu hakukuwa na Nashon, hakukuwa na korti wala Biblia. Ulipokwisha, alitaka kusema urudiwe, lakini mkanda ulikuwa umepasuka mahali pawili.

"Umefanya jambo kubwa," Sushila alimwambia, akimshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye uliyeuokoa. Lazima watu wajue."

"Hapana, mama. Si lazima."

"Ni lazima!" Alikuwa mwema. Alidhani Mwololo anaona haya.

Wiki iliyofuata wimbo ulipigwa redioni, katika idhaa ya Kihindi, na gazeti likatoa picha: Mwololo amesimama kando ya mashine, ameshika kopo la Kimbo. Chini yake waliandika kwamba mfanyakazi huyu mpenda muziki aliukata wimbo huo kwa makasi kabla ya filamu kuharibiwa, akauficha miaka sita. Yale ya takataka Sushila hakuyaamini. Aliona mkato wa makasi, akajua, akaona ni ushujaa.

Mwololo alilipeleka gazeti kwa Bwana Ratilal. Alitarajia kufukuzwa. Bwana Ratilal alimpiga kofi la mgongo. "Kumbe wewe mwizi mzuri! Watu wa Ngara wananipigia simu tangu asubuhi. Tutaweka hii kwa ukuta, pale kwa dirisha la tiketi."

"Bwana, na Nashon?"

"Nani?"

"Nashon. Aliyefungwa."

Bwana Ratilal alikunja uso, akajaribu kweli kukumbuka. "Yule wa baiskeli? Ah. Hiyo ni maneno ya zamani." Akaenda kutafuta msumari.

Phoebe, dadake Nashon, alikuwa yaya kwa familia moja ya Wahindi pale Westlands. Aliliona gazeti mezani, akalikunja, akalitia kifuani, akapanda basi hadi Njiru.

Jumapili Nashon alifika Kinoo. Kanyiva ndiye aliyefungua mlango, akapiga ukelele wa furaha kabla hajamtazama vizuri. Nywele za Nashon zilikuwa zimeingia vumbi la mawe lisilotoka tena, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikuwepo.

"Shemeji, karibu! Baba Munyiva, njoo uone ni nani!"

Mwololo alisimama. Nashon aliketi bila kuambiwa, akatandaza gazeti juu ya meza, upande wa picha.

"Uimbe," alisema.

"Nashon, ndugu yangu…"

"Nimefungwa kwa hii wimbo na sijawahi kuisikia. Mimi nilikuwa mtu wa baiskeli, si nilikuwa nje? Imba nijue."

Mwololo aliimba. Aliimba vibaya, na Munyiva, msichana wa miaka kumi, akacheka akidhani ni mchezo. Kanyiva alikuwa amelivuta gazeti, analisoma kwa kidole, herufi moja moja. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

Nashon alisikiliza hadi mstari wa mwisho.

"Ni hiyo tu?" aliuliza.

"Ni hiyo."

Nashon alitikisa kichwa pole pole. "Mimi nilidhani ni kitu." Halafu akasema, "Sikupeleki kwa polisi. Sitaki chochote chako. Vaa shati, tunaenda Kangemi. Utamwambia mama yangu kwa mdomo wako."

Walitembea kwa miguu kando ya barabara kuu, magari ya Naivasha yakiwapita. Kanyiva aliwafuata nyuma bila kuitwa.

Peres alikuwa ameketi uani anachambua mboga, Phoebe kando yake. Alikuwa amezeeka, lakini mgongo ulikuwa umenyooka kama zamani. Alipomwona Nashon aliinua kisu kidogo cha mboga, akakielekeza langoni.

"Mama, huyu ana neno," Phoebe alisema. "Msikilize tu."

Mwololo alipiga magoti kwenye udongo. Alisema yote. Makasi, gundi, kopo la Kimbo, kopo lililokuwa tupu. Alisema kwamba aliogopa. Alisema Nashon hakuiba hata msumari. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema, na alipokuwa akiyasema aliona labda sasa mama huyu atampokea mwanawe.

Peres alichambua majani mawili, matatu.

"Amekupa nini?" aliuliza.

"Mama?"

"Huyu mwanangu. Amekupa nini uje useme hivyo?"

"Hajanipa kitu! Naapa, mama. Leteni Biblia niape."

"Ulishaapa," Peres alisema. "Nilikuwepo. Niliona mkono wako juu ya Neno la Mungu, nikasema moyoni, huyu kijana ni rafiki wa mwanangu, anamsikitikia, lakini hawezi kudanganya Mungu. Nikaamini wewe, nikamwacha mtoto wa tumbo langu. Mume wangu akafa na hiyo aibu. Leo unataka niamini mkono upi?"

Phoebe alimwekea gazeti mapajani. Peres hakujua kusoma. Alitazama picha, mtu na kopo.

"Kila mtu siku hizi ana kopo," alisema, akalirudisha.

Labda aliamini. Phoebe alidai hadi mwisho kwamba mama yao aliamini siku ile ile, na kwamba ndiyo sababu hakukubali: angekubali, angelazimika kujua alichokuwa amemfanyia mwanawe miaka sita. Lakini neno lililotoka mdomoni mwake ni hilo, na halikubadilika.

Nashon alikuwa amesimama karibu na lango, mikono imening'inia. Mwololo alimtazama, akitaka kumwambia ajaribu tena kesho, waje na mchungaji, waje na Bwana Ratilal mwenyewe. Nashon hakumpa nafasi. Alimwita mama yake kwa Kijaluo, neno moja tu, kama mtoto anayeita kutoka chumba kingine. Peres aliinama kwenye mboga zake. Nashon akatoka, akateremka njia ya kwenda stendi, na mtu akimtazama kwa nyuma angesema ni mzee wa miaka sitini. Hakuwa amefika arobaini.

Kanyiva hakurudi Kinoo na mumewe siku ile. Alilala kwa Phoebe, na Jumatatu alikuja kumchukua Munyiva na sufuria mbili, akaenda kwao Kangundo.

"Nilikuamini na yeye nikamwita mwizi ndani ya nyumba yangu," alimwambia Mwololo mlangoni. "Na yeye ndiye alinipeleka kuzaa." Hakupaza sauti.

Peres alifariki mwaka wa sabini na saba. Mwololo alisikia, akaenda Kangemi siku mwili ulipokuwa ukisafirishwa kwenda Seme. Alimwona Nashon akisaidia kupandisha jeneza juu ya lori. Halafu wazee wakapanda, akina mama wa kanisa wakapanda, Phoebe akapanda, na Nashon akabaki chini ameshika ubavu wa lori, hakuna aliyemkataza wala aliyemnyooshea mkono. Mwololo alisonga mbele, akainama, akaunganisha viganja viwe ngazi ya kukanyaga.

Nashon aliitazama mikono ile. Kisha akazunguka upande wa pili wa lori, akajipandisha mwenyewe kwa gurudumu, na lori likaondoka.